Kutii ni bora kuliko dhabihu: neno aliloambiwa mfalme, si raia

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni mrefu. Mwenye haraka auweke kiporo, aurudie akitulia.

Nianze na aibu yangu, maana ndiyo iliyonifikisha hapa. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa kanisa. Mwaka jana, katikati ya kikao, mtunza hesabu wetu, binti wa umri wa mwanangu wa tatu, alisimama akasema mabati yaliyoandikwa kwenye daftari na mabati yaliyoko juu ya paa hayalingani. Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimempa fundi mabati kadhaa kama sehemu ya malipo yake, bila kuandika popote wala kumuuliza mtu. Sikuyapeleka nyumbani kwangu, lakini hakuna aliyenituma kufanya vile. Nikamjibu: "Binti yangu, hayo tutayaongea pembeni. Usinivunjie heshima mbele ya wazee."

Akakaa. Kikao kikaendelea.

Usiku ule nilikuwa natayarisha somo la Jumapili, Samweli wa Kwanza sura ya 15. Nilishawahi kuifundisha mara nyingi. Nilipofika aya ya 30 nikakuta maneno yangu mdomoni mwa Sauli, mfalme wa kwanza wa Israeli. Ameshaambiwa kwamba ufalme umemtoka, ameshakiri kwamba amekosa, kisha pumzi hiyo hiyo anamwomba nabii Samweli amheshimu mbele ya wazee wa watu wake na mbele ya Israeli. Nilifunga kitabu. Tangu hapo nimekuwa nikisoma habari za wafalme hawa upya, na ninayoyaleta hapa ni niliyoyaona.

Twende kwenye kisa chenyewe. Sauli ametumwa kupigana na Amaleki na kutobakiza kitu. Anashinda vita, anamwacha hai Agagi mfalme wao, na anawabakiza kondoo na ng'ombe walionona. Vilivyo duni ndivyo vinavyoangamizwa. Samweli analia usiku kucha. Asubuhi anaamka kumtafuta mfalme, anaambiwa Sauli amepitia Karmeli, amejisimamishia mnara wa ukumbusho, kisha ameteremka Gilgali. Msiupite haraka mnara ule. Hata hesabu ya vita haijatolewa, jiwe la kujikumbuka limeshasimama.

Wanakutana. Sauli ndiye anayeanza kusema, na anasema amekwisha kuitimiza amri. Samweli anauliza: basi hii sauti ya kondoo masikioni mwangu ni ya nini?

Neno "sauti" ndiyo kamba inayoshona sura nzima. Kwa Kiebrania ni *qol*. Aya ya kwanza Sauli anaambiwa asikie sauti ya maneno ya Bwana. Aya ya 14 kuna sauti ya kondoo na sauti ya ng'ombe. Aya ya 19 anaulizwa kwa nini hakuitii sauti ya Bwana. Aya ya 24, baada ya kubanwa, ndipo ukweli unamtoka: aliwaogopa watu, akaitii sauti yao. Sauti tatu zilikuwa zinasema katika masikio ya mtu mmoja, na mwandishi anataka tujue ni ipi aliyoisikia.

Hapo ndipo linapokuja neno ambalo wengi tunalijua kwa moyo: "kutii ni bora kuliko dhabihu, na kusikia kuliko mafuta ya beberu." Kiebrania cha Biblia hakina neno la pekee la "kutii". Kinatumia *shama*, yaani kusikia. Lile neno la pili, tunalolisoma "kusikia", ni kutega sikio. Sisi Waswahili hatuhitaji mtu wa kutufafanulia hili. Mama akisema "mtoto huyu hasikii", hakuna jirani anayedhani mtoto ni kiziwi. Tunasema "msikivu" tukimaanisha mtu anayekubali kuonywa. Na tunasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tofauti ni kwamba katika Israeli mkuu mwenyewe naye alikuwa na mkuu wake, na guu lake lilivunjika vilevile.

Sasa upande wa kiburi. Kiebrania kinasema moyo wa mtu "umekuwa mrefu", *gavah*. Sauli analetwa kwetu kwa urefu wake: tangu mabegani kwenda juu aliwapita watu wote. Samweli anapokwenda kwa Yese kumtafuta mfalme mpya na kumwona Eliabu mwanawe, anaambiwa asiangalie uso wake wala urefu wa kimo chake. Kuanzia hapo kitenzi hichohicho kinahamia moyoni. Kinatumika kwa Uzia, kinatumika kwa Hezekia, wafalme wa Yuda waliokuja baadaye. Na Zaburi ya 131 inaanza kwa mtu kumwambia Bwana kwamba moyo wake hauna kiburi, yaani haukurefuka.

Jambo jingine dogo katika sura ile ile ya 15: mara tatu Sauli akizungumza na Samweli anasema "Bwana, Mungu wako". Wako. Hasemi wangu.

Wapo watakaosema kosa la Sauli lilikuwa kondoo. Kwangu kosa lilikuwa kwamba alipoambiwa, kitu cha kwanza alichotetea ni sura yake mbele ya watu. Alitaka msamaha ambao wazee hawataujua.

#2 Mleta uzi (naendelea)

Kabla hamjaanza kuchangia nimmalizie Uzia, kwa sababu huyu ndiye anayenitisha kuliko Sauli. Sauli alianza kuyumba mapema. Uzia alifanya kazi nzuri kwa miaka mingi.

Habari zake ziko Mambo ya Nyakati ya Pili sura ya 26. Wafalme wa Pili inamwita Azaria. Alitawazwa akiwa na miaka 16, akatawala Yerusalemu miaka 52. Alijenga minara Yerusalemu na nyikani, akachimba mabirika mengi kwa sababu alikuwa na mifugo mingi, akawa na wakulima na watunza mizabibu milimani, "kwa kuwa alipenda ukulima." Napenda sana mstari huo. Ni nadra kukuta mfalme wa kale anasifiwa kwa kupenda shamba. Jeshi lake lilihesabiwa watu 307,500, na juu ya minara aliweka mitambo ya kurushia mishale na mawe makubwa. Alikuwa na mwalimu, Zakaria, na maandiko yanasema maadamu alimtafuta Bwana, Mungu alimfanikisha.

Kisha mwandishi anaweka kauli ambayo nimeiandika kwenye jalada la daftari langu. Anasema Uzia alisaidiwa ajabu, hata alipokuwa na nguvu. Aya inayofuata: alipokuwa na nguvu, moyo wake ukainuka.

Msaada ndio uliomfikisha kwenye nguvu, na nguvu ndizo zilizomsahaulisha msaada. Akaingia hekaluni na chetezo mkononi kufukiza uvumba, kazi iliyowekwa kwa wana wa Haruni peke yao. Alitaka kiti cha ufalme, na madhabahu pia. Kuhani Azaria akaingia nyuma yake pamoja na makuhani 80, mashujaa, wakamkabili mfalme wakamwambia atoke. Hapo angeweza kutoka. Mlango ulikuwa wazi. Maandiko yanasema alikasirika, na alipokuwa akiwakasirikia makuhani, ukoma ukamtokea katika paji la uso. Angalieni mpangilio: haukutokea alipoingia, haukutokea aliposhika chetezo. Ulitokea alipokasirika kwa kuambiwa.

Aliishi katika nyumba ya pekee mpaka kufa kwake, na Yothamu mwanawe akaiendesha nchi. Akazikwa katika shamba la makaburi ya wafalme, kwa kuwa walisema, ni mwenye ukoma.

Kuna kitu kimebaki. Mwaka 1931 mwanazuoni Sukenik alikikuta kibao cha jiwe katika mkusanyo wa monasteri ya Kirusi juu ya Mlima wa Mizeituni. Kimeandikwa kwa Kiaramu, karne nyingi baada ya Uzia kufa, na leo kiko katika Makumbusho ya Israeli, Yerusalemu. Kinasema hapa ililetwa mifupa ya Uzia, mfalme wa Yuda, kisha kinaonya: usifungue. Hata baada ya karne hizo zote, mtu aliyehamisha mifupa ile aliona vema iendelee kukaa peke yake.

Nawakaribisha.

#3 Msomaji wa Usiku

Mkuu, umeandika kwa moyo na nimesoma mpaka mwisho. Lakini umeruka jambo zito. Amri aliyopewa Sauli ilikuwa kuua mpaka watoto wachanga. Sasa unatufundisha kwamba kutotii amri ya namna hiyo ni kiburi? Nimekulia karibu na mpaka, nimeona wakimbizi wakivuka na watoto migongoni, waliokimbia watu waliotii amri. Neno "kutii" mimi linanikaba.

#4 Mkaa Kimya

Naongezea hapo kwa Msomaji. Nilikuwa kwenye huduma moja kwa miaka tisa. Aya hiyo ya "kutii ni bora kuliko dhabihu" tulikuwa tunasomewa sisi waumini kila tunapouliza matumizi ya sadaka. Ukiuliza unaitwa Kora, yule aliyempinga Musa, unaambiwa ardhi itakumeza. Nimetoka huko mwaka wa tatu huu, na mpaka leo nikiisikia aya hiyo mwili unanisisimka. Mleta uzi, sikulaumu. Naomba tu ujue wengine tunaisoma na majeraha.

#5 Mleta uzi

Msomaji wa Usiku, Mkaa Kimya, asanteni. Haya mawili ndiyo yalinifanya niandike kichwa cha uzi namna ile.

Nianze na Mkaa Kimya. Pole sana. Uliyosomewa yalisomwa kinyume. Fungua sura ya 15 uangalie nani anaambiwa. Ni nabii asiye na jeshi anamwambia mfalme mwenye jeshi. Neno lile lilitoka chini kwenda juu. Kiongozi anayelichukua na kuligeuza limwangukie muumini aliyeuliza hesabu, amechukua fimbo iliyokusudiwa mgongo wake mwenyewe. Na Samweli huyohuyo, sura ya 12, anasimama mbele ya taifa zima anauliza: nimetwaa ng'ombe wa nani? Nimetwaa punda wa nani? Nimemdhulumu nani? Nani alinipa rushwa? Anataka majibu hadharani, mbele ya mfalme mpya. Kiongozi aliyeitamka aya ile alikuwa ametanguliza daftari lake wazi. Wewe kuuliza kulikuwa halali kabisa.

Tena katika kitabu hichohicho wako watu waliokataa kumtii mfalme na maandiko yakawa upande wao. Sura ya 14 Sauli anaapa kiapo cha haraka, Yonathani anaonja asali bila kujua, mfalme yuko tayari kumuua mwanawe ili kiapo kisimame. Watu wanakataa. Wanasema hautaanguka chini hata unywele mmoja wa kichwa chake. Sura ya 22 Sauli anawaamuru walinzi wake wawaue makuhani wa mji wa Nobu, kwa kuwa Daudi alisaidiwa huko. Walinzi hawakunyosha mikono yao. Aliyetii siku ile ni mmoja, Doegi Mwedomi, na makuhani 85 wakafa. Ukitaka kujua utii usio na dhamiri unafananaje, ni Doegi.

Msomaji wa Usiku, aya ile ya Amaleki sina maneno laini ya kuifunika, na sitajaribu. Siwezi kusimama mbele ya mama aliyevuka mpaka na mtoto mgongoni nikamwambia ni sawa. Ila angalia Sauli alibakiza nini. Hakubakiza mtoto. Alimbakiza mfalme mwenzake na ng'ombe walionona. Kama angesimama akasema, "Bwana, watoto wamekosa nini?", tungekuwa na kisa kingine kabisa, na asingekuwa wa kwanza. Ibrahimu alisimama kwa ajili ya Sodoma, akamwomba Mungu auache mji kwa ajili ya wenye haki 50, akashuka mpaka 10. Musa, baada ya ndama wa dhahabu, alisema usipowasamehe unifute mimi katika kitabu chako. Hakuna mahali walipoitwa wakaidi kwa hilo. Tena Musa ndiye anayeitwa mpole kuliko wanadamu wote juu ya uso wa nchi. Kwa hiyo kusikia, katika vitabu hivi, hakukuzuii kujibu.

Na walimu wa Kiyahudi waliliona swali lako zamani. Katika Talmudi, kitabu cha Yoma, wanamweka Sauli akihoji amri ile: ikiwa watu wazima wamekosa, watoto wamekosa nini? Kisha wanamweka uso kwa uso na Nobu. Maana kule Nobu orodha ya waliouawa ni karibu ile ile ya amri ya Amaleki: wanaume kwa wanawake, watoto na wanyonyao, ng'ombe, punda na kondoo. Kilichomshinda kufanya kwa amri ya Mungu, aliwafanyia watu wake mwenyewe kwa wivu.

#6 Msomaji wa Usiku

Nobu sikuwahi kuiona hivyo. Sijamalizana na sura ya 15, lakini umenijibu kwa heshima. Naendelea kusoma.

#7 Binti wa Lamu

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni Muislamu, naomba kuchangia kwa upande wetu.

Sauli kwetu ni Taluti, yumo Suratul Baqara. Watu walipinga ufalme wake wakisema hana wasaa wa mali. Nabii wao akawajibu kwamba Mwenyezi Mungu amemchagua na kumzidishia elimu na mwili. Kwa hiyo kimo chake na sisi tunacho. Ila mtihani wa kutii kwetu unakuja kwa jeshi, pale mtoni: anayekunywa si wangu, ila atakayeteka kwa kiganja chake tu. Wakanywa isipokuwa wachache.

Na Daudi yumo Suratu Saad. Wagombanao wawili wanapanda ukuta na kumwingilia mihirabuni. Mmoja ana kondoo 99, mwenzake ana mmoja, na yule wa 99 anamtaka huyo mmoja. Daudi anahukumu, kisha anatambua kwamba ametiwa mtihanini, anaomba maghufira na kuanguka. Babu yangu alipokuwa akitusomesha, akifika hapo alisujudu, nasi watoto nyuma yake. Kaka, ulivyosema kuhusu Sauli kutaka heshima mbele ya wazee, nilimkumbuka Daudi wetu akianguka mbele ya watu wawili waliopanda ukuta.

#8 Mleta uzi

Waaleikum salaam dada. Umenipa kitu cha kukaa nacho. Kwetu nabii Nathani anamjia Daudi na kisa cha kondoo mmoja wa maskini aliyelala kifuani pake kama binti. Kisha, "Wewe ndiwe mtu huyo."

Nataka niseme kitu juu ya kisa hicho kama kilivyo Samweli wa Pili, sura ya 11 na ya 12. Hesabuni neno "kutuma". Daudi anamtuma Yoabu, jemadari wake, vitani, yeye anakaa Yerusalemu. Anatuma kuulizia habari za mwanamke. Anatuma wajumbe wamlete. Anatuma Uria Mhiti, mume wa mwanamke huyo, aitwe. Anatuma barua kwa mkono wa Uria mwenyewe, barua yenye kifo chake. Sura nzima mfalme anatuma na watu wanakwenda. Hayo ndiyo madaraka: hunyanyuki kitini, mambo yanatendeka. Kisha sura ya 12 inaanza: Bwana akamtuma Nathani kwa Daudi. Mtumaji ametumiwa mtu.

Jibu la Daudi, "Nimemfanyia Bwana dhambi", kwa Kiebrania ni maneno mawili tu. Hajataja watu, hajataja wazee, hajaomba kikao kiwe cha faragha.

#9 Wa Ziwani

Hapa ndipo huwa nakwama, wakuu. Sauli alibakiza kondoo akanyang'anywa ufalme. Daudi alichukua mke wa mtu na kumuua mumewe, akabaki mfalme. Si upendeleo huu? Mtu akisema "nimekosa" kwa sauti nzuri basi imeisha? Viongozi wetu wanaweza kujifunza tu kuomba radhi vizuri.

#10 Mleta uzi

Wa Ziwani, haikuisha. Nathani alimwambia upanga hautaondoka katika nyumba yake, na haukuondoka. Mtoto alikufa. Amnoni mwanawe akamtenda jeuri Tamari binti yake, Absalomu ndugu yao akamuua Amnoni, kisha Absalomu akaasi na akafa akining'inia mtini. Daudi alisamehewa, lakini hakurudishiwa nyumba aliyokuwa nayo kabla.

Na si kwamba alijifunza mara moja kwa wote. Samweli wa Pili inafunga kwa sensa. Anataka kujua idadi ya watu wake wa vita. Yoabu, ambaye si mtakatifu, anamuuliza kwa nini mfalme anapendezwa na jambo hili. Neno la mfalme likamshinda Yoabu. Watu 70,000 wakafa kwa tauni. Ndipo Daudi anasema kauli ambayo kila mwenye cheo angepaswa kuisoma akiwa amesimama: mimi ndimi niliyekosa, lakini kondoo hawa, wamefanya nini? Sura ya 15 ya kitabu cha kwanza kondoo walikuwa ushahidi dhidi ya Sauli. Hapa kondoo ni watu, na wanakufa kwa kiburi cha mchungaji.

Kuhusu kuomba radhi kwa sauti nzuri, umegusa penyewe. Maandiko hayampimi mtu kwa maneno. Sauli naye alisema "nimekosa", tena zaidi ya mara moja. Pima kwa kile anachomruhusu mwonyaji awe baada ya hapo. Nathani aliendelea kuingia kwa mfalme mpaka siku za uzee wake, na yumo kitandani pa mzee Daudi akisaidia Sulemani atawazwe. Samweli hakumwona Sauli tena mpaka siku ya kufa kwake. Na Shimei alipomrushia Daudi mawe na kumtukana njiani Bahurimu, Abishai akataka kumkata kichwa, Daudi alisema mwacheni, huenda Bwana ndiye aliyemwambia. Mfalme anayedhani kwamba hata tusi laweza kuwa na neno la Mungu ndani yake, huyo masikio yake bado yako wazi. Ingawa nikiri, akiwa kitandani anakufa alimwagiza Sulemani amshughulikie Shimei. Hilo linaniuma, na limeandikwa.

#11 Fundi Mbao

Mzee, vipi Sulemani? Aliyeomba hekima naye aliangukaje?

#12 Mleta uzi

Fundi, Sulemani kwa kifupi. Biblia yetu ya Kiswahili inasema aliomba "moyo wa adili". Kiebrania kinasema *lev shomea*, moyo unaosikia. Neno lile lile la Samweli. Sasa weka pembeni Kumbukumbu la Torati sura ya 17, sheria ya mfalme: asijiongezee farasi wala asiwarudishe watu Misri kwa ajili ya farasi, asijiongezee wake, asijiongezee sana fedha na dhahabu; ajiandikie nakala ya torati aisome siku zote, moyo wake usiinuke juu ya ndugu zake. Juu ya *ndugu* zake, si juu ya watumwa. Kisha soma Wafalme wa Kwanza 10 na 11: talanta 666 za dhahabu kwa mwaka mmoja, magari 1,400, wapanda farasi 12,000, farasi waliotoka Misri, wake 700 na masuria 300. Anayeandika hahitaji kumlaumu. Anahesabu tu.

Mwanawe Rehoboamu aliambiwa na wazee kwamba akiwa mtumishi wa watu hawa leo, watakuwa watumishi wake siku zote. Akaenda kwa vijana aliokua nao. Wao wakampa ule usemi wa kidole kidogo kinene kuliko kiuno cha baba yake. Maandiko yanasema mfalme hakuwasikia watu. Makabila kumi yakaondoka.

Hapo Sauli alikosa kwa kuisikia sauti ya watu, na Rehoboamu alikosa kwa kutoisikia. Nilisumbuka nalo wiki nzima. Nadhani jibu ni kwamba Sauli aliwaogopa watu, na Rehoboamu aliwadharau. Hakuna aliyewahesabu kuwa ndugu.

#13 Mkaa Kimya

Mleta uzi, naomba nikuulize lililoko moyoni. Yule binti wa mabati?

#14 Mleta uzi

Ulistahili kuuliza. Kikao kilichofuata niliomba nafasi kabla ya ajenda. Nikasimama, nikasema mbele ya wazee walewale kwamba alichosema binti kilikuwa kweli, kwamba nilitoa mabati bila idhini, na kwamba nilimnyamazisha. Nikalipa thamani yake kwa awamu tatu, risiti zipo kwenye daftari kwa mwandiko wake. Nilimwomba radhi hapohapo, si pembeni. Mzee mmoja hakufurahi, alisema nimeshusha hadhi ya kiti. Bado hatujaelewana naye.

Binti bado anatunza hesabu. Mwezi uliopita alinikosoa tena, safari hii juu ya saruji.

#15 Binti wa Lamu

Mola akuzidishie kaka. Ila sikia: wapo viongozi wasioonywa na binti wa hesabu kwa sababu wamehakikisha hakuna binti wa hesabu chumbani. Maandiko yenu yanasemaje juu ya hao?

#16 Mleta uzi

Dada, yanasema mengi. Mfalme Ahabu alikuwa na manabii 400 waliosema ndiyo, na alimchukia Mikaya mwana wa Imla kwa sababu hakumtabiria mema. Lakini ninayempa nafasi ya kwanza ni Yehoyakimu, mfalme wa Yuda, Yeremia sura ya 36. Na ili kumwelewa lazima uanze na baba yake.

Baba yake, Yosia, katika mwaka wa 18 wa utawala wake, alisomewa kitabu cha torati kilichoonekana hekaluni. Aliposikia maneno yake akararua mavazi yake, akatuma watu kwa nabii wa kike, Hulda, aliyekaa Yerusalemu. Hulda alimjibu kwamba kwa sababu moyo wake ulikuwa laini, akajinyenyekeza, Mungu naye amesikia. Wote wawili wanasikia, mfalme na Mungu.

Sasa mwana. Ni mwezi wa tisa, baridi, mfalme ameketi katika nyumba ya wakati wa baridi na moto unawaka mbele yake. Mtumishi aitwaye Yehudi anamsomea gombo la maneno ya Yeremia. Kila akimaliza safu tatu au nne, mfalme anazikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa motoni, mpaka gombo lote likaisha. Kitenzi cha Kiebrania cha kukata gombo ni kile kile cha kurarua mavazi. Mwandishi anaongeza kwamba mfalme na watumishi wake wote hawakuogopa wala hawakurarua mavazi yao. Baba alirarua nguo akaacha kitabu kizima. Mwana aliacha nguo nzima akararua kitabu. Watu watatu walimsihi asilichome: Elnathani, Delaya na Gemaria. Hakuwasikia.

Akaamuru Yeremia na Baruku, mwandishi wake Yeremia, wakamatwe, lakini walikuwa wamefichwa. Na huko mafichoni Yeremia akachukua gombo lingine, akampa Baruku, naye akaandika tena yote yaliyokuwa katika lile lililochomwa. Yakaongezwa na maneno mengine mengi ya kufanana na hayo.

#17 Msomaji wa Usiku

Nimeifungua Yeremia 36 sasa hivi, saa saba usiku. Hao watatu waliosihi, Gemaria ni mwana wa Shafani mwandishi, yule aliyemsomea Yosia kitabu. Baba alisoma mbele ya mfalme aliyesikia, mwana akasihi mbele ya asiyesikia. Kesho tuendelee na hiyo familia, mkuu. Nataka kujua mwisho wao.

#18 Mleta uzi

Umeiona. Ahikamu mwana wa Shafani ndiye aliyemkinga Yeremia asiuawe, sura ya 26. Na Gedalia mwana wa Ahikamu ndiye aliyewekwa juu ya waliobaki baada ya Yerusalemu kuanguka, sura ya 40. Tuanzie hapo kesho jioni, nikitoka kwenye kikao.